Mwerezi wa Shamba la Asubuhi

Kaka yangu Wendell aliacha kukata nywele mwaka 1969, na baba yetu akaacha kumtaja jina. Yote mawili yalitokea kiangazi kile kile, hapa kwetu Alder Ford, kaskazini mwa California, mji ambao kila mtu alikula kwa kiwanda cha mbao na ambao una makanisa mawili yasiyosalimiana.

Wendell alikuwa na miaka ishirini. Sikio lake la kushoto lilifia kiwandani, maana walimweka karibu na msumeno mkubwa kabla hata hajaota ndevu. Kwa ajili ya sikio hilo jeshi lilimkataa, wakati vijana aliosoma nao walipelekwa Vietnam na wengine wakarudi kwenye masanduku. Watu walimtazama kana kwamba sikio alilitoboa mwenyewe. Ukizungumza naye alikugeuzia uso mzima, akakukazia macho mdomoni, akangoja kidogo kabla ya kujibu. Hapa mjini wakasema ni mzito wa akili.

"Wendell, umeshika, au nirudie kesho?" msimamizi wa kiwanda alipenda kumuuliza mbele ya wenzake, na wenzake walipenda kucheka.

Mahipi, wale vijana wa nywele ndefu waliokimbia maisha ya wazazi wao, waliingia bondeni mwaka ule ule. Walichukua shamba la zamani la marehemu Haskell, juu kule mlimani, wakaliita Shamba la Asubuhi, ingawa sikuwahi kumwona hata mmoja wao akiamka asubuhi. Pampu yao ya maji ikafa. Wakashuka dukani kuuliza nani anaweza kuitazama, na mwenye duka, kwa kutaka kuwakomoa, akawaambia, "Mchukueni Wendell Pruitt. Mtaelewana."

Wakaelewana kweli. Alipanda na sanduku la vifaa kwa kazi ya saa mbili, akarudi siku ya nne, ananukia udi na moshi wa bangi, uso umemlegea kama mtu aliyetoka kulala usingizi mrefu.

"Nadine," aliniambia jikoni, "wale watu wananisikiliza."

"Wanakusikiliza nini? Wewe huongei."

"Ndiyo hivyo. Nikinyamaza, wananisubiri."

Baadaye nilielewa. Kule juu, ile tabia yake ya kukugeuzia uso na kukukazia macho walidhani ni hekima. Walisema hawajawahi kukutana na mtu anayesikiliza kwa moyo namna ile. Hakuna aliyemuuliza kama sikio lake ni zima. Na yeye, ambaye tangu mama afe hakuna aliyemkumbatia, alikumbatiwa na watu kumi na wawili kwa mpigo kwa sababu maji yametoka bombani.

Akaanza kupanda kila Jumamosi, kisha kila siku baada ya kazi. Nywele zikafika shingoni. Baba, Vernon Pruitt, alikuwa mtu wa msumeno, mkono mmoja una vidole vitatu, na hakuwa mtu wa maneno. Siku moja tukiwa mezani, mimi napakua viazi, aliingia na mkasi wangu wa kushonea, akauweka juu ya sahani ya Wendell.

"Mkasi au mlango," alisema.

"Baba, ni nywele tu."

"Mtoto wa Ed Lindqvist amerudishwa kutoka Vietnam, amezikwa juzi. Alikuwa na nywele fupi. Nami napita mbele ya nyumba ya Ed kila asubuhi, na Ed ananiuliza habari za binti yangu mwenye ndevu. Mkasi au mlango."

Wendell alimtazama mdomoni mpaka akamaliza. Kisha akanyanyuka, akachukua koti na sanduku la vifaa, akatoka. Hakubamiza mlango. Baba alikaa, akauondoa mkasi, akala viazi vya Wendell pamoja na vyake.

Kule juu walimpa jina jipya, maana kila mtu alikuwa nalo. Yeye akaitwa Mwerezi. Mkubwa wao, ingawa walisema hawana mkubwa, aliitwa Nuru. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Preston Wickersham, na baba yake alikuwa hakimu huko mashariki ya nchi. Nuru alijua kuongea. Alikaa kwenye mkeka bila shati, akasema hakuna changu wala chako, kwamba ardhi haina mwenyewe, kwamba kazi ya kulazimishwa ndiyo iliyowaua baba zetu. Ungemsikia ungetamani kuvua viatu uvitupe mtoni. Ila shamba lenyewe lilinunuliwa na baba yake, kwa jina lake, na hilo halikuwa jambo la kuzungumzwa kwenye mkeka.

Nilipanda kwenda kumwona kaka yangu mwezi wa tisa, na pai ya tufaha chini ya kitambaa. Niliwakuta uani wamelala kwenye jua, wanajadiliana kama kuezeka paa kabla ya mvua ni kuogopa maisha. Juu ya paa alikuwako mtu mmoja tu, na misumari mdomoni.

"Mbona hawakusaidii?" nilimuuliza aliposhuka.

"Hapa kila mtu anafanya anachojisikia. Mimi najisikia kuezeka."

"Na wao hawajisikii hata siku moja?"

Akacheka. Alikuwa na kicheko kizuri Wendell, nyumbani kilikuwa hakitoki. "Acha, mdogo wangu. Hawajazoea. Huyu baba yake daktari, yule baba yake ana benki. Watajifunza."

"Na wewe unajifunza nini?"

Alifikiri. "Kwamba mtu anaweza kuishi bila kumwogopa mwenziwe," alisema. "Nadine, nilikuwa sijui. Nilidhani watu wote wanaishi na tumbo limekaza."

Pai ililiwa na mtu mmoja aliyeitwa Bundi, yote, hata bila kuuliza nani kaileta.

Mwanamke aliyempenda aliitwa Umande. Mfupi, madoa usoni, sauti ndogo, baba yake daktari wa upasuaji kule Connecticut. Nisimsingizie, hakuwa mtu mbaya. Alioka mikate mizito kama matofali, aliwafulia watu wote kwenye pipa moja mpaka mikono ikapasuka, na jioni alikaa na Wendell upande wa sikio lake zima bila kuambiwa. Ndiye peke yake kule aliyegundua. Mwaka wa pili wakapata mtoto wa kike, akazaliwa kule kule shambani mvua inanyesha, wakamwita Mvua. Wendell ndiye aliyempokea kwa mikono yake. Alishuka mlima mzima kwa miguu kuja kuniambia, akasimama mlangoni kwangu maji yanamtiririka, anaonyesha tu kwa viganja ukubwa wa mtoto.

Nilikuwa nimeshaolewa wakati huo. Mume wangu Dale alikuwa wa kiwandani, akamwambia, "Ingia, hipi, utaharibu zulia lakini ingia." Nilimpenda Dale kwa neno hilo.

Baba nilimwambia kesho yake kwamba ana mjukuu. Alikuwa ananoa kisu. "Amebatizwa?" aliuliza. Nikasema hapana. Akaendelea kunoa.

Masika ya mwaka wa tatu ndiyo yaliyowamaliza. Mvua haikukatika. Kuni zilikuwa mbichi, unga umeota ukungu, na choo cha shimo, ambacho Wendell alisema mara nyingi kihamishwe, kilifurika kikaingia kisimani. Homa ya ini ikawapitia mmoja baada ya mwingine, macho yakawa ya njano. Hapo ndipo ilipojulikana nani ana mama wapi. Kila siku aliondoka mtu. Bundi alitumiwa tiketi ya ndege. Nuru aliaga kwa hotuba, akasema anakwenda Mexico kujitafuta. Alijipata katika chuo cha sheria, kwa taarifa tulizopata.

Wendell aliuguza waliobaki. Alihamisha choo peke yake, akachimba kisima kipya, akachemsha maji, akawaosha watu ambao hakujua hata majina yao ya kweli. Mtoto naye akashikwa na kifua.

Umande alikuja kwangu siku moja mchana, mtoto amemfunga ndani ya blanketi, akaniomba simu. Mimi nilikuwa namenya viazi. Alizungusha namba, akasubiri, kisha nikasikia, "Mama? Mama, ni mimi. Ni Cynthia."

Nilikuwa sijawahi kulisikia jina hilo. Alilia hata akashindwa kushika simu, nikamshikia. Upande wa pili kulikuwa na sauti tulivu ya mwanamke, haina hata mtetemo, inasema, "Mpe simu huyo aliye karibu nawe." Nikajitambulisha. Akaniuliza uwanja wa ndege wa karibu uko wapi na kama mjukuu wake anapumua vizuri. Kuhusu kaka yangu hakuuliza kitu.

"Ni mpaka mtoto apone tu," Umande aliniambia alipokata simu.

"Mwambie yeye," nilimjibu. "Usiniambie mimi."

Alimwambia, na yeye aliamini. Aliwapeleka mwenyewe kituo cha basi la uwanja wa ndege kwa pikapu ya Dale, akamfungia mtoto skafu, akarudi akaanza kujenga chumba cha tatu kwa ajili ya watakaporudi. Alikijenga vizuri. Chumba kilikuwa na dirisha la kutazama mashariki.

Hawakurudi. Barua zilikuja mbili, kisha kadi, kisha kimya. Kiangazi cha mwaka uliofuata akafunga mlango wa shamba, akasimama barabarani na kunyoosha kidole gumba kuomba lifti, kuvuka nchi nzima. Yaliyotokea kule alinisimulia mara moja tu, na sikumuuliza tena.

Nyumba ilikuwa nyeupe, nyasi zimekatwa kama zulia. Mama mkwe alimfungulia, akamtazama miguuni, akampitisha mlango wa nyuma. Akamkalisha jikoni, akampa supu na mkate uliokatwa pembe tatu, akamsimamia mpaka akamaliza, kama anavyolishwa fundi. Kisha Umande akaingia. Nywele fupi, blauzi imepigwa pasi, viatu. Nyuma yake mtoto amejificha kwenye sketi.

"Mvua," Wendell alimwita.

Mtoto hakugeuka. "Anaitwa Elizabeth sasa," Umande alisema. "Itakuwa rahisi kwake akianza shule."

Walikaa. Umande alianza kusema, akasema kwa muda mrefu, huku anatazama kitambaa cha meza, na alikuwa amekaa upande wa kushoto, wa lile sikio lililokufa. Wendell hakusikia vizuri. Alimgeukia, akamwambia, "Samahani, sijashika. Rudia."

Basi ikabidi arudie, safari hii akimtazama usoni.

"Nimesema ulikuwa wakati tu wa kupita, Wendell. Sote tulikuwa na wakati wetu. Umekwisha."

"Kwangu haukuwa wakati," alimjibu. "Kwangu ndiyo maisha."

"Najua," Umande alisema. Akaanza kulia, mama yake akaingia akauliza kama kuna yeyote anayetaka chai.

Mtoto alimpa mkono wa kuaga kama alivyofundishwa.

Aliporudi Alder Ford alikuwa amekonda, na nywele zimefika mgongoni. Shamba lilikuwa tupu. Alienda kiwandani kuomba kazi, na msimamizi yule yule alitoka kumlaki.

"Ooo, bibi harusi! Umeachika?"

"Nataka kazi, bwana Tolliver."

"Kazi ipo. Leta kwanza hiyo mikia yako mezani kwangu, tuikate, tuitundike pale mlangoni wenzako waione. Kisha utaanza Jumatatu."

Hakukubali. Alipita kwangu kuniambia, nikamkasirikia sana.

"Zikate!" nilimpigia kelele. "Kaka, wenzako wote wamekata! Yule Nuru wako amekata, anavaa tai! Mke wako amekata! Umebaki wewe peke yako dunia nzima, na hata hukuwa mmoja wao, wewe ni mtoto wa Vernon Pruitt!"

"Ndiyo maana," alisema. "Nikikata na mimi, itakuwa kama yote yale hayakutokea."

Akaishi kule juu peke yake. Alifuga mbuzi, alitengenezea watu mashine za kufulia na pampu, wakamwita usiku na kumlipa kwa siri ili majirani wasiione pikapu yake mlangoni. Kwa watu wa hapa alikuwa hipi mpaka mwisho. Kwa mahipi wenyewe, nadhani, alikuwa mtu wa hapa tangu mwanzo, fundi aliyekuja kutengeneza pampu na akasahau kuondoka.

Baba alipooza upande mmoja miaka michache baadaye. Mimi nilikuwa na watoto watatu na kazi ya kantini. Wendell akawa anashuka kila siku. Alimgeuza, alimwosha, alimlisha uji kwa kijiko, alimbadilisha nguo. Baba alimwacha afanye, macho yameelekea ukutani. Alikuwa bado anaweza kusema maneno machache, aliniita mimi, alimwita mbwa, alimwita mama aliyekufa. Jina la Wendell hakulitaja.

Asubuhi moja niliwakuta, Wendell ameinama kumpangusa shingo, nywele zimemwangukia baba kifuani. Mkono wa baba ambao haukupooza, ule wa vidole vitatu, ulikuwa ndani ya zile nywele. Wendell alikuwa hasogei. Machozi yanamdondoka.

"Umeona, Nadine?" aliniambia nje baadaye. "Alikuwa ananipapasa."

Mimi nilikuwa nimesimama upande wa pili wa kitanda. Niliona vifundo vya vidole vilivyokuwa vyeupe. Baba alikuwa anavuta, kwa nguvu zote zilizombakia.

"Nimeona," nilisema.

Baba alifariki wiki hiyo. Kanisani watu waliacha nafasi ya viti viwili kila upande wa kaka yangu.

Preston Wickersham, yule Nuru wa zamani, alirudi mwaka 1996. Alikuwa wakili aliyestaafu mapema, tumbo limetoka, meno meupe kama sahani mpya. Shamba bado lilikuwa lake, na sasa alikuwa na wazo. Akajenga vyumba vya mbao vyenye maji ya moto, akaweka bafu la nje la kutazama nyota, akaliita tena Shamba la Asubuhi, pumziko la roho, na watu wa San Francisco wakaanza kuja mwisho wa wiki na magari ambayo bei yake ingenunua mtaa wetu. Alimkuta Wendell kwenye kile chumba chenye dirisha la mashariki.

"Mwerezi! Ndugu yangu!" Akamkumbatia. "Hakuna wa kukufukuza hapa. Wewe ndiye roho ya mahali hapa."

Roho ya mahali ikapewa kazi. Jioni akae kwenye moto, avae shati la rangi rangi, asimulie wageni jinsi ilivyokuwa. Shati hilo hakuwa amewahi kulivaa maishani mwake. Miaka yote ile kule juu alivaa ovaroli ya kiwandani. Lakini meno yalikuwa yanamuuma, mgongo umekwisha, na hakuwa na kwingine. Akalivaa.

Nilipanda mara moja kumtazama. Wageni walikuwa wamekaa wanakunywa mvinyo, wamejivika shanga zilizouzwa pale pale mapokezi. Mwanamke mmoja akamwuliza, "Tuambie, kuwa hipi hasa maana yake nini?"

Wendell alimgeuzia uso mzima, akamkazia macho mdomoni. Yule mwanamke akashika kifua, akamnong'oneza mumewe, "Ona anavyosikiliza."

"Sijui," Wendell alisema. "Wenzangu ndio walikuwa wanajua kueleza. Mimi nilikuwa na mke na mtoto. Mtoto anaitwa Mvua. Yuko Connecticut."

Wakapiga makofi. Walidhani ni shairi.

Nikateremka kabla hawajamaliza kupiga, kwa sababu nilijua nikibaki nitasema neno, na yeye ndiye atakayelipa.

Alidumu misimu miwili. Kisha mgeni mmoja, kijana mwenye simu ya mkononi, alimwuliza kwa nini hakurudi kwao kama wengine. Wendell akamwambia, "Kwetu ni hapa. Baba yangu alikuwa anapasua mbao pale chini." Watu wakaangua kicheko, wakidhani ni mzaha, na Preston naye akacheka, akamwambia baadaye, taratibu, mkono begani, kwamba asiwe anataja kiwanda. Wageni hawaji mlimani kusikia habari za kiwanda.

Siku ya pili alishuka na sanduku la vifaa. Dale alikuwa ameshafariki, watoto wangu wameondoka, nikampa chumba cha nyuma. Nilimtandikia kitanda, akavua lile shati, akalikunja vizuri, akaniuliza kama kuna mtu anaelekea mlimani ili alirudishe, si lake.

Nilikwenda nalo mwenyewe. Nilikuwa na maneno niliyoyapanga njia nzima. Nilipofika, kwenye moto alikuwa amekaa mzee mwingine, mwalimu mstaafu kutoka Sacramento, ndevu ndefu, gita mapajani, anasimulia mvua ya mwaka ule na kisima na jinsi alivyompokea mtoto kwa mikono yake, kana kwamba yote yalimpata yeye. Wageni walikuwa wamemsogelea ili wasikie. Preston alinipokea shati mlangoni, akanishukuru, akamvalisha yule mzee. Lilimkaa vizuri kuliko Wendell. Yale maneno yangu nikashuka nayo.

Wendell alikuwa jikoni kwangu nilipoingia. Nilimwambia nilichokiona, vyote, sikumficha safari hii. Alinitazama mdomoni mpaka nikamaliza.

"Huyo mzee," aliniuliza, "wanampa chakula cha kutosha? Maana jikoni wakati mwingine wanasahau."

Nikasema sijui. Nikachukua kitunguu nikaanza kukikata, na yeye akanyanyuka akaweka maji ya chai.